Mama, Hukuchanganyikiwa

Mama,

Miezi mitatu iliyopita Athumani alinipigia simu kutoka huko Ulaya akaniambia, "Dada, tia saini tu. Mama hatasoma." Nilimkatia simu. Ningekuandikia siku ileile, ila barua ingekuwa matusi matupu, na wewe ulinikataza kumtukana mdogo wangu hata pale anapostahili. Sasa hasira imepungua. Haijaisha, imepungua tu, kalamu inashikika.

Kwanza habari zangu. Nimerudi Kismayo, huu mwaka wa pili. Nilingoja arubaini yako ipite, nikafunga virago Mombasa, nikarudi. Najua uliniambia nisirudi. "Utakwenda kukaa na watu wasiokutaka," ulisema. Nimerudi kwa sababu hiyohiyo, Mama. Nimepanga vyumba viwili karibu na soko la samaki. Alasiri nasomesha watoto Kiingereza, asubuhi naandika yale yanayonikera na kuyatuma kwenye simu za watu wetu popote walipotupwa. Wengine wananijibu kwa shukrani, wengine kwa matusi. Wa matusi nawajibu kwanza. Ulikuwa ukisema mimi nilizaliwa na meno. Yamezidi.

Sasa karatasi yenyewe aliyotaka niitie saini. Iliandikwa na wakili wa Athumani, mwanamke mpole mwenye sauti ya daktari wa watoto, na simchukii. Ilisema mambo mawili. La kwanza, kwamba mashua tuliyokimbia nayo kutoka kisiwani kwetu Chula, mwaka ule serikali ya Somalia ilipoanguka, ilikuwa mali ya Baba peke yake. La pili, kwamba wewe ulipohojiwa Mombasa ulikuwa umechanganyikiwa kwa uzee na msiba.

Uzee! Siku ile ulikuwa mdogo kuliko mimi nilivyo leo. Na kuchanganyikiwa? Wewe uliyekuwa ukimkosoa imamu katika hesabu za mirathi, ukiwa nyuma ya pazia, na akakubali?

Lakini nieleze vizuri, maana Athumani hakuwahi kukuambia yote, na mimi nilikuficha mengine ulipokuwa mgonjwa. Unakumbuka mahojiano yale ya kuomba ukimbizi. Mlikuwa watatu, wewe, Athumani na kaka yako Mjomba Kombo. Baba alikuwa ameshafariki kambini, mimi nimeolewa Malindi na faili langu liko kwingine. Kila mmoja aliingizwa chumbani peke yake, akaulizwa maswali yaleyale. Swali moja lilikuwa, chombo mlichokimbia nacho kilikuwa cha nani?

Athumani akasema cha Baba. Ni kweli, mbao zilikuwa zake na yeye ndiye aliyekuwa nahodha.

Mjomba Kombo akasema cha fundi. Ni kweli pia. Fundi alikuwa hajavishwa kanzu yake mpya, na kwetu fundi asiyevishwa kanzu hajakitoa chombo mkononi mwake, hata kikiwa baharini miaka kumi.

Nawe ukasema, kwa Kibajuni chetu, "Cha wachu." Cha watu, cha wote.

Na hiyo ndiyo iliyokuwa kweli kuliko zote. Kila mtoto wa Chula anajua. Siku ya kushua chombo, kisiwa kizima kinakuja. Magogo yanapakwa mafuta ya papa, kamba zinafungwa, na kila nyumba inaleta mkono wa kuvuta. Aliyevuta ana fungu lake ndani ya chombo kile, nalo si fungu la samaki. Ikifika siku ya dhiki, aliyeshika kamba hakatazwi kupanda. Nahodha akimkataza, hana uso wa kurudi msikitini. Ndiyo maana usiku wala mchana Baba hakuwahi kusema "mashua yangu". Aliogopa kusikika.

Yule mhoji hakujua hayo, wala hakuuliza. Niliisoma karatasi yake miaka mingi baadaye, Athumani aliponitumia nakala. Ameandika kwamba mama huyu anasema chombo kilikuwa chao. Alipoulizwa hao ni nani, alicheka. Kisha mwishoni, kwa mstari mmoja, kwamba majibu matatu yanapingana, kwa hiyo familia haiaminiki, na haijathibitika kwamba inatoka kisiwa inachokitaja.

Mama, walikuuliza kuhusu kitu ambacho mtu wa Chula pekee angejibu vile, ukajibu vile, wakaandika kwamba hutoki Chula.

Nilikuwa na karatasi ile mezani mwaka mzima. Neno lililonikaba lilikuwa dogo, 'they', lile neno lao la "wao". Ukurasa mzima limejaa. Wao wanasema, wao wanadai, wao hawakubaliani. Sisi sote, hai na maiti, tumefungwa ndani ya neno lile kama dagaa kwenye kikapu. Basi nikafanya kile ninachofanya ninapokasirika. Nikaenda kulitafuta neno lenyewe limetoka wapi.

Nilikusimulia, unakumbuka? Ulikuwa umekaa kwenye mkeka ukichambua mchele, miguu imeshaanza kuvimba. Nikakufungulia ile kamusi kubwa niliyoinunua kwa muuza vitabu vya mitumba, nikakwambia, Mama, sikiliza maajabu. Hawa Waingereza neno lao la "wao" si lao. Zamani walikuwa na lao la asili. Lakini maneno yao ya mwanamume, ya mwanamke na ya watu wengi yaligeuka polepole hata yakakaribia kusikika sawa, mtu hajui anasemwa nani. Wakati huo walikuwa wamekuja watu wa kaskazini kwa vyombo, wakavuka bahari ya baridi, wakapora, wakachoma, kisha wakachoka kuchoma, wakalima, wakaoa. Wakawa majirani. Hao wageni walikuwa na neno lao la "wao", nalo lilisikika wazi. Waingereza wa kaskazini wakalichukua. Likateremka kusini taratibu, karne baada ya karne, mpaka likalifukuza lile la kwao. Neno la asili halikufa kabisa. Limebaki kama mkia tu, katika mazungumzo ya haraka, pale wanapoimeza sauti wakasema 'em. Wengi wao wanadhani ni uvivu wa ulimi, kumbe ndiyo mzee mwenye nyumba, amejificha jikoni.

Ukaacha kuchambua. Ukaniuliza, "Yaani hata 'wao' wameazima kwa wao?"

Nikasema ndiyo.

Ukasema, "Basi wangekuwa na adabu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nawe hukucheka, ulirudi kwenye mchele wako.

Tangu siku hiyo nimelibeba jambo hili kama silaha. Mtu akiniambia Kibajuni si lugha, ni makombo ya Kisomali na Kiarabu yaliyotiwa Kiswahili, namuuliza, unajua Kiingereza kimeazima nini? Si chai, si sukari, si majina ya matunda. Kimeazima neno la kumwonyesha mtu kidole. Na hakuna aliyewahi kuwaambia, kwa kuwa neno lenu lilikuja na vyombo, nanyi hamtoki hapa. Sisi tukisema neno moja la Kisomali tunaambiwa tumejifunza juzi. Tukisema la Mombasa tunaambiwa sisi ni Wakenya. Na hapa Kismayo, nikipita sokoni, wapo wanaosema, "Wale wa visiwani," kana kwamba visiwa vimeegeshwa tu, vitaondoka maji yakijaa. Mimi simwachii mtu. Namgeukia palepale, kwa Kisomali safi kuliko chake.

Lakini kelele zangu hazikumsaidia Athumani. Hilo nalikiri. Amekaa kule miaka kumi na moja, ana mke, ana binti anayeitwa jina lako, na hana karatasi ya kumruhusu kukaa. Kila anapoomba, wanafungua faili lile la Mombasa wanamwonyesha, mama yako hakuaminika, na wewe ni mwanawe. Safari hii ilikuwa ya mwisho. Akishindwa mbele ya hakimu, anarudishwa, na binti anabaki. Wakili aliona njia nyepesi. Tuseme mashua ilikuwa ya Baba, tuseme wewe ulichanganyikiwa, majibu yawe mamoja, mlango ufunguke. Athumani alikuwa ameshatia saini yake. Ilikosekana yangu, kama shahidi aliyekuwa ndani ya mashua.

"Mama hatasoma."

Mama, nisikudanganye. Nililala na karatasi ile siku nne. Nilishika kalamu mara mbili. Nilijiambia, aliye hai ana haki kuliko maiti, na wewe mwenyewe ungejikana mara mia ili mwanao alale kwa amani na mkewe. Ungefanya. Ndilo lililoniuma. Ungetia saini wewe mwenyewe, ukafunga kalamu, ukauliza chai iko wapi. Lakini hukuulizwa, na mimi si wewe, na sikuona kwa nini uongo wetu uaminike kuliko kweli yako.

Siku ya tano nikapanda boti kwenda Chula kwa Mjomba Kombo.

Amerudi, ndiyo. Nyumba yake ina paa nusu, naye anasema nusu inamtosha kwa kuwa anaumwa upande mmoja. Watu wamerudi kidogo kidogo, hapa nyumba tatu, pale mbili. Nilimwambia nataka aniandikie ushahidi kuhusu ile mashua. Akaniuliza, "Ipi, ya fundi?" Nikamwambia Mjomba, hayo ndiyo yaliyotuponza! Akafoka. "Nimeulizwa kweli nimesema kweli. Kanzu hakuvishwa! Baba yako alimwahidi kanzu mpaka wote wawili wakafa." Tukagombana pale uani mpaka wanawake wa jirani wakaja, nao wakaingia. Mmoja akasema alivuta kamba akiwa na mimba. Mwingine akamwambia, wewe hukuvuta, ulishika ukaachia. Akaja mwanamume mmoja wa miaka thelathini hivi, naye anadai alivuta. Akaulizwa, ulivuta na nani, nawe umezaliwa tumeshakimbia? Akajibu, "Mamangu alivuta, nami ni wake." Kila mtu anataka fungu katika mashua ambayo mbao zake zimeshakuwa kuni Mombasa.

Ni Mjomba aliyenipa njia, tena kwa kejeli. Aliponisindikiza pwani alisema, "Unatafuta mashahidi huku, na mwenye chombo mwenzetu unakunywa chai yake kila siku." Nikamuuliza nani. "Yule Halimo. Au umesahau mama yako alivyomfanyia?"

Nilikuwa nimesahau, Mama. Nilikuwepo, na nilikuwa nimesahau.

Siku ile tunaondoka Chula watu walikuwa wameshajaa mashuani, maji yanakaribia ukingo. Akaja Halimo, yule mwanamke wa Kismayo aliyekuwa amekimbilia kisiwani siku chache kabla, muuza chai, watoto wawili, birika mkononi. Si wa kwetu kwa ukoo wala kwa ulimi. Kuna waliosema hakuvuta, hana fungu. Baba akaendelea kutengeneza tanga, maana kwa ada walisema kweli. Wewe ulikuwa umeshakaa. Ukasimama, mashua ikayumba, watu wakakupigia kelele ukae. Ukaiokota kamba ya nanga, ukamrushia mwisho wake pale alipo majini, ukamwambia, "Shika." Akashika. Hakujua anashikia nini. Ukawageukia ukasema, "Ameshika kamba. Nani anasema hakushika?"

Wakasogea. Akapanda. Mtoto wake mdogo alipakatwa na Athumani njia nzima, akamtapikia hadi Kiunga, upande wa Kenya.

Halimo anauza chai mtaa wa pili kutoka kwangu. Tumekuwa majirani miaka miwili, tunasalimiana, ananikopesha majani ya chai, wala hatukuwahi kuitaja siku ile. Nilipomwendea na kumweleza, alikuwa anafuta vikombe. Aliniambia, "Abaayo, dada yangu, miaka yote hii mnahangaika mashua ya nani, na hamkuniuliza mimi?"

Siku ya kesi tulikaa naye chumbani kwangu, simu imeegemezwa kwenye kamusi, tutoe ushahidi kwa mahakama ya huko Ulaya. Wakili alikuwa ameniomba, kwa upole wake, nisitoe hotuba. Nilikuwa nimeiandaa, Mama. Kurasa tatu, wale watu wa kaskazini na vyombo vyao, kila kitu. Nikaikalia.

Mimi niliulizwa machache. Hakimu, mwanamume mwenye kikohozi, aliuliza kwa nini sikutia saini ile karatasi. Nikasema kwa sababu si kweli. Akauliza, mama yako alichanganyikiwa? Nikasema, "Hapana." 

Kisha Halimo. Palikuwa na mkalimani wa Kisomali upande wao. Halimo hakungoja kuulizwa. Alisema, "Athumani, upo? Yule uliyempakata sasa ana ndevu, na bado anatapika akipanda gari." Hakimu akamtaka ajibu maswali tu. Akasema, "Haya." Akaulizwa mashua ilikuwa ya nani. Akasema, "Yangu."



Akaulizwa, yako vipi? Akaeleza kamba. Alieleza kwa maneno machache, kama mtu anayeeleza bei ya sukari. Hakimu akauliza kama basi yeye ni mmoja wao, akatumia neno lilelile kwa umbo jingine, them. Mkalimani akageuza. Halimo akanitazama, akaitazama simu, akasema, "Wao gani? Mimi nilikuwa ndani."

Hotuba yangu ya kurasa tatu niliihisi chini yangu. Haikuwa na mstari hata mmoja kama ule.

Ndipo ikaja zamu ya Athumani. Hakimu alikuwa na karatasi yake mbele, imeshatiwa saini, inasema mashua ya Baba peke yake, mama kachanganyikiwa. Akamuuliza, umesikia alichosema shahidi huyu, unashikilia ulichoandika? Nilisikia kiti kikisogea. Nilisikia wakili akinong'ona. Mama, nilimwombea aseme lolote, hata uongo, wakati ule nilikuwa radhi. Nilimfikiria yule binti.

Akasema, kwa Kibajuni, si kwa Kiingereza chake kizuri, "Nilichoandika si kweli. Mama yangu alikuwa na akili kuliko sote. Ile mashua ilikuwa ya wachu." Kisha akalia, akasema kitu sikukisikia, na Halimo pembeni yangu akawa anasema, mwache, mwache, utadhani kuna aliyemshika.

Hakimu alimuuliza kama anaelewa kwamba anakiri kutoa maelezo ya uongo. Akasema anaelewa.

Hukumu ilikuja wiki iliyopita. Nakueleza ilivyo, bila kuipamba. Athumani amekemewa kwa maandishi kwa ile karatasi, aya nzima, na anaistahili. Hajapewa ruhusa. Lakini faili la Mombasa haliruhusiwi kutumika dhidi yake tena, na ombi lake linaanza upya, mbele ya mtu mwingine. Anangoja. Binti anangoja. Sijui mwisho wake, na ukiniuliza kama nilimweka mdogo wangu hatarini kwa ajili ya jina lako, jibu ni ndiyo. Tangu siku ya kesi ananipigia simu kila Ijumaa. Wiki ya kwanza aliniuliza hali tu, akakata. Wiki ya pili aliniuliza Baba alimwahidi fundi kanzu ya rangi gani.

Na kuhusu wewe kuna mistari miwili. Hakimu ameandika kwamba maelezo ya mama yanakubaliwa kuwa ni ya kweli na yenye akili timamu. Halafu ameandika, 'They owned it together.' Walikimiliki pamoja. Hakueleza hao ni nani. Hakuona haja.

Sasa kuna jambo jipya, na nakuahidi mbele ya Mola wako. Habari za hukumu zimeshapita visiwani. Jana amekuja mwanamke wa kisiwa cha Chovae na karatasi za mumewe ndani ya mfuko wa nailoni. Familia yake nayo ilikataliwa zamani, nayo kwa majibu yaliyopingana. Waliulizwa kisima cha kijiji ni cha nani, na watu wanne wakatoa majibu manne. Amesema wako wengine kisiwa cha Fuma. Sitawaandikia hotuba. Nitakwenda kukaa na kila mmoja, nimuulize kile ambacho hakuulizwa, niandike jinsi anavyosema, kwa ulimi wake, na atakayetaka kukisoma atafute mkalimani.

Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako, Mama, na akupe majirani wanaojua kubishana. Kesho alfajiri naondoka kwenda Chovae. Halimo ananifungia chai ya safari, na amesema anakuja.

Mwanao.